Kumpeleka mtoto akaone chuo kabla ya kuomba: jibu kwa mzazi wa Makambako

Kaka mleta uzi, habari za Makambako. Umeeleza kwamba binti yako yuko kidato cha tano, anasoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) shule ya bweni huko Njombe, na kwamba wewe na mama yake hamkubahatika kufika chuo. Ukauliza mambo mawili: mnaanzia wapi kumsaidia kutafuta chuo, na je, kufunga safari kwenda kuviona hivyo vyuo kuna maana yoyote, au ni kuchoma nauli wakati maombi yote siku hizi yanafanyika kwenye simu. Wadau waliotangulia wamekushauri utulie, usubiri matokeo kwanza. Mimi nakusihi usisubiri, na naomba nikueleze kwa kirefu maana jambo hili limenigusa.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza mchele na mahindi Uyole, hapa Mbeya. Shule yangu iliishia darasa la saba. Watoto wawili wameshafika umri wa chuo. Wa kwanza nilimpeleka gizani. Wa pili tulikwenda kwanza tukaona kwa macho.

Kijana wangu alimaliza kidato cha sita mwaka 2018, mchepuo wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi). Matokeo yanatoka, yeye yuko kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), simu yake iko kabatini kwangu. Mjomba wake akachukua namba ya mtihani, akaenda nayo steshenari moja Mwanjelwa. Kijana wa kompyuta akauliza, "Kozi gani?" Mjomba akajibu, "Weka yoyote nzuri ya biashara." Ikawekwa. Picha za chuo tuliziona kwenye simu: ghorofa, bustani, maktaba yenye taa nyingi. Kilikuwa chuo binafsi, mkoa wa mbali. Nyumbani sote tulifurahi. Nikauza mpunga wa Usangu niliokuwa nimeuweka nikisubiri bei ipande, nikalipa nusu ya ada.

Kufika kule, akakuta zile picha ni za makao makuu. Kozi yake inafundishwa tawini, vyumba vya kupanga juu ya maduka. Hosteli hakuna, na mwenye nyumba wa karibu anataka kodi ya miezi sita mkononi. Mkopo hakupata, kwa sababu cheti cha kuzaliwa hatukukihakiki RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) kwa wakati na maombi yakaonekana yana kasoro. Muhula wa kwanza haukuisha, akarudi na begi lake. Alikaa na mimi dukani miaka miwili, hasemi sana. Baadaye alianza upya na astashahada ya uhasibu hapa hapa Mbeya, Taasisi ya Uhasibu (TIA), na leo anajitegemea. Lakini uso wake siku ile anashuka kwenye basi sijausahau. Kosa halikuwa lake. Sisi watu wazima tulimchagulia njia ya maisha kwa dakika kumi, tumesimama nyuma ya kiti cha mtu tusiyemjua.

Dada yake alipoingia kidato cha tano mwaka 2021, PCB kama wa kwako, nikaweka pembeni fedha ya gunia mbili za mchele. Nikamwambia baba yake, hii ni ya kwenda kuona vyuo, isiguswe hata kama nyumba inavuja.

Sasa suala la muda, maana hapa ndipo ushauri wa "subiri matokeo" unapowaponza wazazi. Hesabu mwenyewe. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Wakimaliza tu, majina ya JKT yanatoka, mtoto anaondoka. Matokeo yanatoka Julai, dirisha la maombi ya vyuo linafunguliwa muda si mrefu, na la mkopo linakuwa tayari linakwenda. Wiki hizo ndizo utakazoambiwa mtoto achague kozi ya miaka mitatu, minne au mitano, naye yuko gwaridani hana simu. Utampeleka lini akaone chuo? Nafasi mlizonazo ni likizo ya Desemba na ile ya Juni ya kidato cha tano, basi. Na bahati nzuri, Desemba kabla ya Krismasi vyuo vingi bado viko darasani kwenye muhula wa kwanza, na Juni viko muhula wa pili. Chuo kikiwa na wanafunzi ndiyo siku ya kukiona. Siku ya mahafali usiende, siku hiyo kila kitu kimepigwa rangi na kila mtu ana suti. Maonesho ya vyuo vikuu yanayofanyika Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, mwezi Julai ni mazuri kwa kukusanya vipeperushi na kuuliza sifa za kozi, ila meza yenye kitambaa haikuonyeshi hosteli.

Kabla ya safari tulikaa mezani na mwongozo wa udahili wa TCU (tume ya vyuo vikuu), ule wa waliomaliza kidato cha sita. Upo bure kwenye tovuti yao, sisi tulichapisha kurasa tulizozihitaji. Kwa ujumla mtoto anatakiwa awe na principo mbili (masomo aliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini kila kozi ina masomo yake inayoyadai. Udaktari kwa mfano unataka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, hapo mbili hazitoshi. Kama chuo au kozi haimo kwenye mwongozo, hakuna haja ya kupoteza nauli. Na kwa vyuo vya kati, astashahada na stashahada, unakagua kwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo.

Kitu kingine tulichojifunza mezani ni kampasi. Chukua karatasi uandike kozi na mahali inapofundishwa, pafahamike kabisa. Jina la chuo peke yake halitoshi, hilo ndilo lililotuangusha kwa kaka yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mkwawa kule Iringa kwa ajili ya ualimu, na kina chuo cha afya hapa Mbeya. Mzumbe makao yake ni Morogoro, lakini ina kampasi Mbeya. SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, ina kampasi ya Solomon Mahlangu kule Mazimbu, tofauti na pale makao makuu. MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, iko hapa Iyunga na ina kampasi Rukwa. Mtoto akisema "nataka Mzumbe", muulize ya wapi.

Desemba ile tulianza na vya hapa nyumbani kwa sababu havina nauli ya maana, bajaji na daladala tu. Nakushauri uanze hivyo hivyo hata kama mtoto anasema hataki kusoma karibu. Chuo cha kwanza kinamfundisha namna ya kutazama. Tulikwenda MUST siku ya Jumanne. Getini mlinzi alituuliza shida yetu, nikasema binti yangu anataka kuona chuo kabla hajaomba. Akatuandikisha kwenye daftari, akatuelekeza ofisi ya udahili. Usiogope geti, kaka. Mimi nilivaa kitenge changu cha kawaida, nikaingia na kandambili za ngozi, na hakuna aliyenidharau. Pale ofisini walitupa dakika chache na karatasi za kozi. Yaliyobaki tulielezwa na wanafunzi, hasa kijana mmoja wa kanisani kwetu aliyekuwa mwaka wa 3 wa uhandisi. Kama hamna ndugu chuoni, tafuta kupitia kanisa, msikiti au wanafunzi waliopita shule anayosoma mwanao. Hukosi.

Nikiri jambo. Safari ya Mbeya na ile ya Iringa mimi ndiye niliyekuwa naongea. Niliuliza ada, nikauliza vyoo, nikauliza ajira, binti anatembea nyuma yangu ameshika mwavuli. Tulipofika Mkwawa, dada mmoja wa mwaka wa 3 aliyekuwa anatutembeza akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Mama, samahani, naomba na mwenyewe aulize, maana yeye ndiye atakayekaa hapa." Sikukasirika. Nikaenda kukaa chini ya mti, wakaondoka wawili. Walirudi baada ya saa nzima, binti yangu anacheka. Jioni kwenye basi, tumeshapita Mafinga, akaniambia, "Mama, chuo nimekipenda, na dada yule nimempenda. Ila nimeingia darasani nikawaona wanajiandaa kwenda kufundisha, nikajua mimi sitaki kufundisha." Mwalimu wake wa shule alikuwa amemhimiza aende ualimu wa sayansi, na mimi nilikuwa nimeshakubali. Nauli ya Iringa kwenda na kurudi ilitununulia jibu hilo, na mimi naihesabu kuwa nauli rahisi kuliko zote nilizowahi kulipa.

Tangu hapo tukagawana kazi. Yeye anauliza ya masomo, mimi naangalia ya maisha.

Maswali yake aliyaandika kwenye daftari dogo. Maabara mnaingia wangapi kwa zamu moja? Field (mazoezi ya kazi) mnapelekwa au mnajitafutia? Somo gani linawapa watu wengi sapu (kurudia mtihani), na kwa nini? Mwaka jana walidisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) wangapi darasani kwenu? Na swali alilolipenda zaidi, analiuliza la mwisho: "Ukirudishwa mwanzo leo, utachagua tena kozi hii?" Aliniambia haangalii jibu, anaangalia kama mtu amejibu haraka au amenyamaza kwanza. Aliwauliza wa mwaka wa 2 na wa 3. Wa mwaka wa kwanza bado wana furaha ya kuchaguliwa, watakusifia kila kitu.

Mimi niliangalia maji. Bomba la hosteli linatoa au kuna foleni ya ndoo? Nilinunua sahani ya wali maharage kantini, nikala, nikaweka bei akilini, kwa sababu sahani hiyo ataila kila siku. Nilitembea kutoka darasani hadi hosteli nikihesabu taa za njiani. Niliuliza vitanda vinagawiwaje, mwaka wa kwanza wanapewa kipaumbele au wanaachiwa watafute geto mtaani. Niliuliza zahanati ya chuo iko wapi na kama bima inapokelewa.

Na kuna swali moja naomba usilione aibu, kwa kuwa una binti. Rushwa ya ngono. Ni kosa kwa sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007, na serikali imeagiza vyuo viwe na dawati la jinsia. Kwa hiyo mimi nilikuwa nauliza wasichana, si ofisini bali pale kantini, "Dawati la jinsia liko jengo gani? Nani anakaa pale?" Chuo kimoja watatu kati ya watatu walijua jengo na wakamtaja mama anayehudumu kwa upendo. Chuo kingine waliangaliana. Hicho cha pili tulikifuta kwenye orodha tukiwa bado tuko kwenye kantini yake. Nilimwambia binti yangu mbele ya wenzake wale, akikutwa na lolote aje kwangu kwanza, hata usiku wa manane, hata kama anadhani amekosea yeye. Maneno hayo mzazi ayaseme mapema, kabla mtoto hajaondoka nyumbani.

Sasa nikueleze ya Morogoro, maana ndiyo iliyonibadilisha mimi mwenyewe.

Mimi nilitaka awe daktari. PCB, mtoto ana akili, jirani ana mtoto daktari, nami nikaona hakuna kingine. Yeye alikuwa anasema "sayansi ya chakula", nami moyoni nasikia mapishi. Nilimwona kama anatupa bahati. Lakini nilikuwa nimeahidi kuona kabla ya kusema, basi Juni 2022 tukapanda basi asubuhi, Kitonga ile, Mikumi ile, tukalala kwa shangazi yake Kihonda, kesho yake tukaenda SUA.

Dada wa mwaka wa 3 wa kozi hiyo alitupokea. Akaniuliza mimi nafanya kazi gani. Nikasema nauza mahindi na mchele. Akauliza, "Mama, unajuaje kama mahindi yamekauka?" Nikasema nang'ata punje. Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu, likilia kwa jino limekauka. Akaniheshimu kwa jibu hilo, hakucheka. Halafu akanionyesha kifaa cha kupima unyevu, akanieleza kwamba mahindi ya kuhifadhi au kuuza yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na kwamba jino haliwezi kutofautisha 13 na 16. Yakihifadhiwa na unyevu, kuvu wanaingia, wanaacha sumu ambayo hainuki na haiondoki hata ukipika ugali ukaiva vipi. Sumukuvu. Akanikumbusha watu waliokufa Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kwamba hata kidogo kidogo kwa miaka mingi inaharibu ini.

Kaka, mimi Machi 2021 nilikuwa na mzigo wa mahindi Kenya walipozuia mahindi yetu kwa ajili ya sumukuvu hiyo hiyo. Marufuku yenyewe haikukaa siku nyingi, masharti yakawekwa, lakini bei ilishayumba na wanunuzi wakakimbia. Nililia ndani ya ghala. Hakuna aliyekuja kunieleza sumukuvu ni nini. Nilidhani ni fitina za biashara. Na hapa binti wa miaka 23 ananieleza jambo lililonitia hasara, taratibu, kwa Kiswahili, na binti yangu amesimama pembeni macho yanamwaka anamalizia sentensi zake. Alikuwa ameshasoma yote hayo mwenyewe. Miezi yote aliyokuwa anasema "sayansi ya chakula" alikuwa anazungumzia ghala langu, nami nikasikia mapishi.

Sikuzungumza tena habari za udaktari.

Upande wa fedha nisikuchoshe, ila haya mawili msiyaache. Kwanza, mwonyeshe mtoto hesabu za nyumbani. Mimi nilimfungulia daftari la duka, akaona kinachoingia na kinachotoka, na yeye mwenyewe akafuta vyuo viwili vya ada kubwa bila mimi kusema neno. Pili, mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo) uandalieni nyaraka sasa hivi, msisubiri dirisha. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, namba za NIDA za wazazi ziwe sawa, majina ya cheti na ya shule yasipishane hata herufi. Bumu (fedha ya kujikimu) la chakula na malazi lilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2023/24, ndio mwaka alioanza chuo binti yangu, lakini si kila mwombaji anapata, na anayepata si lazima apate ada yote. Pangeni kana kwamba mtapata sehemu tu.

Mei 2023 alimaliza mtihani, akaitwa Mafinga JKT. Usiku wa kuondoka aliniachia karatasi imekunjwa mara nne. Ndani kuna vyuo vinne na kozi tano, kwa mpangilio wake, na mbele ya kila kimoja ameandika sababu kwa mstari mmoja. "Maabara nzuri, taa zipo." "Karibu na mama, kozi ya pili kwa kupenda." Matokeo yalipotoka Julai nikaenda steshenari ile ile ya Mwanjelwa. Tangu 2017 maombi yanakwenda moja kwa moja kwenye kila chuo, si kapu moja la TCU kama zamani, kwa hiyo ni kujaza chuo kimoja kimoja. Kijana wa kompyuta akauliza, "Kozi gani?" Nikamwekea karatasi mezani. Namba ya simu tuliweka yangu, na hili nalisisitiza sana: akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa athibitishe kimoja kwa msimbo unaotumwa kwenye simu, ndani ya siku walizopanga. Simu ikiwa ya mtoto aliye kambini, msimbo unaingia kabatini na nafasi inapotea. Alichaguliwa vyuo viwili. Nikathibitisha SUA, kwa sababu karatasi ilisema hivyo.

Sasa anakuja likizo anapima mahindi ya soko zima. Wenzangu wanamwita "mama unyevu".

Wewe uliye Makambako una nafasi nzuri kuliko mimi, maana uko katikati. Iringa unakwenda asubuhi na kurudi jioni, Mbeya vivyo hivyo, hulipi gesti. Kwa PCB, Desemba hii mlete Mbeya siku moja: asubuhi aone chuo cha afya, mchana MUST. Siku nyingine Iringa. Morogoro mwekee Juni, akiwa ameshajua kuuliza. Safari mojawapo mwache aende na mama yake, maana kuna mambo binti atamwambia mama ndani ya basi ambayo hatakwambia wewe. Na Desemba hapa Mbeya ni mvua na baridi, mvalishe sweta na viatu vya kukanyaga tope, mtatembea sana.